Mama Ana Laini Mbili, Programu Yako Ina Moja

Kila mtu ninayemjua Nyamache ana laini mbili, na wengine wana tatu. Si anasa. Ukiwa sokoni inashika hii, ukishuka kwenye majani chai kule bondeni inashika ile, na mvua ya alasiri ikianza hakuna anayeweza kukuahidi lolote. Mama mdogo nimemhifadhi mara mbili kwenye simu yangu. Nikipiga namba ya kwanza nikaambiwa mteja hapatikani, sianzi kutangaza matanga. Napiga ya pili. Naye akinitafuta hufanya vivyo hivyo, na hajawahi kukanyaga darasa la kompyuta.

Sasa niambie, kwa nini programu iliyoandikwa na mtu mwenye digrii, aliyeketi ghorofa ya saba Westlands na fiba ya ofisi, haiwezi kufanya kitu ambacho mama mdogo anafanya akiwa na jembe begani?

Nazungumzia jambo dogo ambalo madevelopa wetu wamelikalia kimya. Jina moja la seva linaweza kuwa na anwani nyingi. Programu inauliza jina, inapewa orodha, inachukua anwani ya kwanza, na zilizobaki inazitupa. Ya kwanza ikiwa imekufa, programu nayo inakufa, na wewe unaambiwa uangalie intaneti yako. Nauita huu uvivu. Na bili ya uvivu huu hailipwi Westlands, inalipwa huku kwetu.

Wacha nieleze jinsi mambo yanavyokwenda, kwa wale ambao hawakai saiba siku nzima kama mimi. Kompyuta haijui majina. Ukiandika jina la tovuti, simu yako inauliza DNS, ambayo ni kama kitabu cha namba za simu cha dunia nzima, na DNS inajibu kwa tarakimu. Mfumo huu aliubuni Paul Mockapetris, na maandishi yake yanayotumika mpaka leo yalitoka Novemba 1987. Tangu siku hizo jina moja liliruhusiwa kuwa na anwani zaidi ya moja. Haikuwa ajali wala ujanja wa baadaye, ndivyo lilivyoundwa. Na Oktoba 1989, wakati Kenya bado ina chama kimoja na simu ya kuzungusha kwa kidole, waraka unaoitwa RFC 1123 uliandika wazi kwamba programu ikipewa anwani kadhaa iwe tayari kuzijaribu mpaka mojawapo ikubali. Hebu hesabu miaka iliyopita tangu hapo. Kuna watu wameajiriwa, wamestaafu na kulipwa pensheni, na bado sharti hili halijafika kwenye programu za kujazia fomu.

Kosa lenyewe lina historia, na historia yake inachekesha. Miaka ya themanini, kule Berkeley, mfumo wa Unix ulikuwa na utaratibu wa kuuliza jina uliorudisha anwani moja tu. Baadaye wakaona haitoshi, wakaweka orodha. Lakini ili programu za zamani zisivunjike, lile jina la zamani walilibakiza, likawa lina maana ya kipengele cha kwanza cha orodha: sufuri ndani ya mabano ya mraba. Ilikuwa heshima kwa wazee. Vizazi vilivyofuata wakadhani ndiyo desturi. Mpaka leo ukifungua Java utakuta njia mbili za kuuliza jina, getByName na getAllByName. Ya kwanza inakupa anwani moja, ya pili inakupa zote. Tofauti ni herufi tatu. Na mtu akifungua soketi kwa ile anwani aliyopewa na getByName, Java inabaki na anwani moja na kuning'inia hapo hapo. Simu nyingi za Nyamache ni Android, na Android imelelewa na Java. Umeona tunakoelekea.

Kwani kwa nini mtu aweke anwani mbili? Kwa sababu ile ile ya laini mbili. Mwenye seva anaweka mashine moja Nairobi na nyingine nje, ili moja ikizima nyingine ihudumu. Au ana anwani ya aina ya zamani, IPv4, ambayo ghala lake la dunia liliisha Februari 2011, na ana ya aina mpya, IPv6, na hajui mteja atakuja na ipi. Mara nyingi DNS huzungusha mpangilio: leo ya kwanza ni hii, swali likija tena inatangulia ile, ili mzigo ugawanywe. Ndiyo maana unakuta ule ugonjwa wa ajabu ambao kila mtu wa saiba anaujua: ukijaribu inakataa, ukijaribu tena inakubali, ukijaribu ya tatu inakataa. Tunasema "network ya leo ina wazimu." Network haina wazimu. Kati ya seva zao moja imelala, na programu yao inacheza karata na muda wako.

Na ukitaka kujua kwamba kukatika si jambo la kufikirika, kumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Mtunzini, pwani ya Afrika Kusini. SEACOM ilikuwa tayari imejeruhiwa upande wa Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huo. Kuanzia hapa Kenya mpaka Tanzania na kwingineko watu walikaa wakitazama kile kiduara kinachozunguka. Lakini haikuwa kwamba kila kitu kimezima. Mitandao ya Kenya inakutana hapa nyumbani, Nairobi, kwenye kituo kinachoitwa KIXP, ambacho kimekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na trafiki inayopita hapo haihitaji kwenda kuomba ruhusa baharini. Seva iliyokuwa Nairobi ilikuwa inafikika. Ile ya ng'ambo ilikuwa konokono, au kimya kabisa. Sasa chukua jina lenye anwani zote mbili, ya Nairobi na ya ng'ambo. Programu yenye akili ingepiga ya kwanza, ikaona kimya, ikapiga ya pili, na mteja asingejua kama kebo imekatika au imepakwa rangi. Programu ya sufuri kwenye mabano ingebaki imeganda, na anwani hai iko mkononi mwake. Yaani watu wametoa mamilioni kununua seva ya pili, halafu herufi tatu zinafanya seva hiyo iwe pambo.

Nilikutana na jambo hili uso kwa uso katika saiba ninayofanyia kazi. Nitalisimulia bila kumtaja mhusika, kwa sababu hoja yangu si mtu mmoja. Binti mmoja alikuja jioni na fomu ya kuomba msaada wa karo. Mwisho ulikuwa usiku huo, saa sita. Alikuwa ametoka mbali kwa boda, na pesa ya boda ndiyo ilikuwa pesa ya bando, kwa hivyo alihitaji Wi-Fi yetu. Taasisi ile haikubali fomu kwenye tovuti: ukifungua tovuti unaambiwa pakua programu ya simu. Akaipakua. Kila akibonyeza kutuma, simu inawaza, inawaza, halafu: "Tafadhali hakikisha umeunganishwa na intaneti."

Wakati huo huo WhatsApp yake inaingia ujumbe, ti ti ti. Dada yake anamuuliza kama tayari.

Nikamwambia afungue tovuti ya hao hao kwa Chrome, jina lile lile. Ikafunguka. Hapo ndipo nilipojua. Jina moja, simu moja, Wi-Fi moja, na Chrome inapita pale programu inapokwama. Nikaketi kwenye laptopu nikauliza DNS: anwani mbili. Ya kwanza haijibu chochote. Ya pili inajibu kama kawaida. Na jibu lilikuwa linarudi kwa mpangilio ule ule kila mara, mfu ametangulia. Chrome iligonga mlango wa kwanza, ikasikia kimya, ikaenda wa pili bila kumsumbua mtu. Programu yao ilisimama kwenye mlango wa kwanza kama mdai wa kodi.

Saiba yetu ina MikroTik, na MikroTik inakuruhusu kuandika jibu lako mwenyewe la DNS. Nikaiambia kwamba jina lile, mtu akiliuliza humu ndani, lijibiwe kwa anwani moja tu, ile iliyo hai. Binti akafunga programu, akaifungua, akabonyeza. Fomu ikaenda. Saa tatu na dakika kadhaa usiku. Akauliza ilikuwa nini, nikamwambia programu yao inajua namba mbili lakini inapiga moja. Akasema, "Si wangeniuliza mimi."

Ninachofikiria mpaka leo ni wale wengine. Wangapi walikuwa wamekaa jikoni kwao Bobasi nzima na Wi-Fi ya mtu hawana, ruta ya kuchezea hawana, wakiambiwa tafadhali hakikisha umeunganishwa na intaneti? Walinunua bando la pili. Walipanda juu ya kilima kutafuta mnara. Walizima simu wakawasha. Wengine, najua, walisema basi, haikuwa bahati yangu, na wakalala. Hakuna rekodi yao popote. Seva iliyokufa haiandiki nani alibisha.

Ujumbe ule ndio unaoniudhi kuliko hata msimbo. Ni uongo, na ni uongo wenye mwelekeo. Programu haijui kama intaneti yangu iko au haiko, inajua tu kwamba anwani moja haikujibu. Kutoka hapo ikaruka moja kwa moja mpaka kwangu: tatizo ni wewe, tatizo ni huko unakokaa. Na sisi tumefundishwa kuamini, kwa sababu ni kweli kwamba mtandao wa huku wakati mwingine ni mbaya. Mtu wa Kilimani akiona ujumbe huo anasema programu ni takataka na kuandika hivyo kwenye X. Mtu wa Nyamache anaangalia simu yake kwa aibu.

Najua madevelopa watasema nini, kwa sababu nimewaambia na wamenijibu.

La kwanza: hiyo si kazi yangu, ni kazi ya watu wa miundombinu. Weka kigawa mzigo mbele, jina libaki na anwani moja isiyokufa. Sawa, kigawa mzigo ni kitu kizuri. Lakini anwani isiyokufa haijazaliwa. Hata Cloudflare, ambao wamejenga biashara nzima kwa kuiweka anwani moja katika miji mingi kwa pamoja, kwa kawaida wakiulizwa jina wanajibu kwa anwani mbili au zaidi. Kama wao hawaiamini moja, wewe na seva yako ya kukodi kwa mwezi unaiamini kwa nguvu za nani? Na hata seva zote zikiwa hai, njia kutoka kwangu mpaka kwako inaweza kuwa imekatika upande mmoja. Mwenye kujua hilo ni simu iliyo mkononi mwangu, hapa. Kigawa mzigo chako hakioni Nyamache.

La pili ni zito zaidi na nalichukulia kwa heshima: programu ikijaribu mara mbili, mteja atakatwa pesa mara mbili. Kila mtu hapa ameshawahi kusubiri ujumbe wa M-Pesa kwa moyo mkononi, kwa hivyo hofu hii si ya bure. Lakini inachanganya vitu viwili. Kubisha hodi si kuingia na kuacha mzigo. Programu inapojaribu kuunganishwa na anwani, bado haijatuma fomu wala shilingi, inauliza tu kama kuna mtu nyumbani. Unaweza kubisha milango mitano, ukaingia mmoja, na hakuna kilichorudiwa. Hatari iko baada ya kuingia: umeshatuma ombi, jibu halijarudi, hujui lilifika au la. Hapo usirudie kienyeji; kila muamala upewe nambari yake ya kipekee ili seva ikiona nambari hiyo tena ijue ni ule ule. Hiyo ni kazi nyingine, na unapaswa kuwa umeifanya hata kama una anwani moja. Usiifanye kisingizio.

La tatu husemwa na wale waliosoma zaidi: ukijaribu zote kimya kimya, unaficha seva iliyokufa, na mwenye nayo hatajua airekebishe. Kuna ukweli hapo. Basi andika kwenye kumbukumbu za programu kwamba anwani fulani ilikataa, na utume taarifa hiyo kwenu. Lakini kumtumia binti wa fomu ya karo kama kengele yenu ya moto, hapana.

Wala simwombi mtu agundue gurudumu. Mwaka 2012, dunia ilipowasha IPv6 rasmi tarehe 6 Juni, wataalamu walikuwa wameshaandika utaratibu ulioitwa Happy Eyeballs, yaani macho ya mtazamaji yabaki na furaha. Ukaboreshwa mwaka 2017 katika RFC 8305. Wazo ni rahisi hata kulieleza kwa bibi: anza na anwani ya kwanza, ukikaa milisekunde 250 bila jibu usiiache, lakini anza ya pili pembeni yake. Itakayofungua kwanza ndiyo utakayoitumia, nyingine funga. Robo sekunde! Mtandao ukiwa mzima, jibu la Nairobi linakuwa limenifikia kabla ya hapo na anwani ya pili haiguswi kabisa, kwa hivyo usiniambie utazilemea seva. Vivinjari vinafanya hivi. curl inafanya hivi. Lugha ya Go inafanya yenyewe bila kuambiwa. Python nayo, ukitumia create_connection, inapita orodha yote anwani baada ya anwani, lakini ukijifanya mjuaji ukauliza kwanza gethostbyname, unarudishiwa anwani moja ya IPv4 na umejifungia nje mwenyewe. Mara nyingi kosa haliji kwa kukosa zana. Linakuja kwa mtu kuiruka zana iliyopo, au kuibandika anwani ndani ya msimbo kama tangazo ukutani kwa sababu siku ya majaribio iliharakisha kidogo.

Na kujaribu zote kwa foleni, bila kipima muda, bado hakutoshi. Linux kwa mipangilio yake ya miaka mingi ikibisha mlango usiojibu ilikuwa inasubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, ikiongeza maradufu hivyo hivyo mpaka ikate tamaa baada ya sekunde 127. Dakika mbili na zaidi kwa anwani moja. Hakuna mtu duniani, si wa Nyamache si wa Nairobi, atakayekaa dakika mbili akitazama kiduara. Atafunga programu kabla zamu ya anwani ya pili haijafika.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii na una programu yako sokoni, fanya hivi kabla ya Ijumaa. Tengeneza jina la majaribio. Lipe anwani mbili: ya kwanza 192.0.2.1, ambayo imetengwa kwa mifano ya vitabuni na hakuna mtu anayeishi hapo, na ya pili anwani ya kweli ya seva yako. Hakikisha ile ya uongo inatangulia. Elekeza programu yako kwenye jina hilo, bonyeza kutuma, na uanze kuhesabu kwa sauti mbele ya bosi wako. Ikifika tano bila kuunganishwa, fungua msimbo utafute lile sufuri. Na ukiwa humo ndani, ule ujumbe wa kuniambia nihakikishe intaneti yangu, ufute.